Aliyenusurika Kujiua Hahitaji Pingu

Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alisoma hukumu jijini Nairobi iliyobatilisha kosa lililokaa katika vitabu vya sheria vya nchi hiyo kwa karibu miaka 95. Alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu yeyote aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume cha Katiba ya mwaka 2010: kinawabagua wagonjwa, kinadhalilisha utu wao na kinawanyima haki ya kupata huduma ya afya. Kwa kifungu hicho mtu aliyetoka wodini akiwa hai aliweza kufungwa hadi miaka miwili, kutozwa faini, au kupewa adhabu zote mbili kwa pamoja. Walioifungua kesi walikuwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya akili, wakiwa na mwananchi mmoja.

Huku Tanzania kosa hilo bado lipo. Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, inasema kwa sentensi fupi kuwa anayejaribu kujiua ametenda kosa. Haikutaja adhabu yake, kwa hiyo linaangukia kwenye kipimo cha jumla cha makosa yasiyotajiwa adhabu: kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote viwili.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili msomaji ajue anasoma nini. Kifungu hicho kifutwe, na kifutwe na Bunge letu lenyewe bila kusubiri mtu aburuzwe mahakamani hadi wakili ajitolee kumtetea. Kile kinachomwadhibu anayemshawishi au kumsaidia mwenzake kujiua kibaki kama kilivyo, maana hapo kuna mtu aliyemdhuru mtu mwingine. Lakini huyu aliyejaribu na akanusurika, dola haina cha kumdai.

Wasomaji wa magazeti na wasikilizaji wa redio wanaijua vizuri sentensi hii: Jeshi la Polisi linamshikilia mkazi wa kijiji fulani kwa tuhuma za kujaribu kujiua, na akipata nafuu atafikishwa mahakamani. Husomwa haraka, katikati ya habari za ajali na wizi wa mifugo, kisha mtangazaji anahamia kwingine. Mara nyingi kesi yenyewe haifiki mbali. Hakimu mwenye busara humwachia kwa onyo, au upande wa mashtaka unaona uzito kuiendesha, au familia inaomba yaishe. Ndiyo maana wapo wanasheria wanaosema kifungu hiki kimelala tu kitabuni na hakimsumbui mtu. Nawapinga. Madhara yake makubwa hayatokei mbele ya hakimu. Yanatokea saa za mwanzo kabisa, kabla jalada halijafunguliwa.

Chukua familia inayomkimbiza kijana wao hospitalini usiku. Bajaji imesimama mlangoni, mama analia, kaka mtu anajibu maswali ya muuguzi. Kila mmoja wetu anajua kuwa majeruhi wa ajali au wa kupigwa huulizwa PF3, na anajua kuwa fomu hiyo hutolewa kituo cha polisi, mbele ya askari atakayetaka kujua nini kimetokea. Basi kaka anaanza kupima maneno. Akisema ukweli, amemchongea mdogo wake. Akisema uongo, amempotosha daktari. Wengi huchagua uongo, na siwezi kuwalaumu. Amekosea dawa. Ameteleza. Hatujui, tumemkuta tu amelala. Daktari anaandika ajali, anautibu mwili, na baada ya siku chache mgonjwa anaruhusiwa bila yeyote kumuuliza kwa nini. Hakuitwa mnasihi, hakupangiwa tarehe ya kurudi kliniki. Anarudi kwenye chumba kilekile na mawazo yaleyale, safari hii akiwa na aibu juu yake.

Takwimu za nchi nazo huharibikia hapo hapo mlangoni. Wizara inapanga bajeti kwa kutazama vitabu vya hospitali, na vitabu vimeandikwa na watu waliokuwa wanaogopa polisi.

Sasa mchukue yule ambaye ukweli wake ulijulikana. Askari anafika wodini kuchukua maelezo. Kabla ya kuanza analazimika kumpa mtuhumiwa onyo: hulazimiki kusema neno lolote, lakini utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani kama ushahidi. Onyo hilo ni jema, linamlinda mwizi na muuaji dhidi ya kujitia kitanzi kwa mdomo wake. Lakini huyu aliye kitandani, dawa yake ya kwanza ni kusema. Daktari atamuuliza ni lini mawazo hayo yalianza, kama bado yapo, kama ana mpango, nyumbani kuna nani. Kila jibu la kweli analompa daktari ni kukiri kosa mbele ya askari. Serikali moja, ndani ya wodi moja, inamtaka mgonjwa afunguke na inamwonya afunge mdomo. Sijui namna ya kulitetea jambo hilo, na sijamsikia aliyelitetea akaeleweka.

Ubaya wake unaonekana zaidi ukijua nani anakufa kwa kujiua. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hufa hivyo kila mwaka, na karibu robo tatu yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Wanaume hufa zaidi ya mara mbili ya wanawake. Shirika hilo hilo linasema dalili kubwa kuliko zote kwamba mtu yuko hatarini ni kuwa aliwahi kujaribu. Maana yake ni kwamba yule tunayemhesabu mtuhumiwa ndiye hasa tuliyepaswa kumfuata nyumbani, kumjua kwa jina, kumpigia simu wiki hii na wiki ijayo. Tumemfundisha kutukimbia.

Na anaokoka. Hili watu wengi hawalijui, na kutolijua kunawafanya wakate tamaa mapema. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Richard Seiden, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 515 waliozuiwa kujiua kwenye daraja la Golden Gate, San Francisco, kati ya mwaka 1937 na 1971. Asilimia 94 hivi walikuwa bado hai, au walikufa baadaye kwa sababu za kawaida. Walizuiwa siku moja, na miaka ikaendelea. Usemi wetu kwamba aliyeamua ameamua haukubaliani na maisha ya watu hao. Hamu ya kufa huja kwa kishindo, hufikia kilele, hushuka. Anayepitishwa salama katika saa hizo ana nafasi kubwa ya kuzeeka.

Sheria hii tuliipata wapi? Ililetwa na Waingereza. Kwao, kwa karne nyingi, aliyejiua alihesabiwa mwizi aliyemwibia mfalme raia. Maiti yake ilizikwa njia panda bila ibada, na mali yake ikataifishwa watoto wakabaki mikono mitupu. Mazishi ya njia panda yalikomeshwa kwa sheria ya mwaka 1823, na utaifishaji wa mali ukafutwa mwaka 1870. Kosa lenyewe lilidumu hadi katikati ya karne ya 20, wakalipeleka katika makoloni, Kenya likaingia na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930. Kisha Agosti 1961 Bunge la Uingereza likalifuta kwao. Miezi minne baadaye, Desemba 9, Tanganyika ilipandisha bendera yake. Tulijitawala mwaka uleule ambao wenye sheria waliitupa, sisi tukabaki nayo.

Nchi nyingine zilizorithi kifungu hicho zimekwisha kuachana nacho. India ilikipunguza makali kwa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2017. Singapore ikafuata mwaka 2020, Pakistan mwishoni mwa 2022, Ghana na Malaysia mwaka 2023. Pakistan na Malaysia nazitaja makusudi, na nitarudi kwao.

Kuna jambo jingine ndani ya sheria zetu ambalo limenisumbua tangu nilipolielewa. Mwaka 1843, London, mtu aliyeitwa Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. M'Naghten aliamini kwamba chama cha Peel kinamwandama kumuua. Mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, wananchi wakakasirika, na majaji wakatakiwa kueleza mpaka uko wapi. Jibu lao ndilo msingi wa sheria inayotumika hadi leo katika mahakama za Afrika Mashariki: kama wakati wa tendo maradhi ya akili yalimfanya mtu asijue anachofanya, au asijue kuwa ni kibaya, hahesabiwi hatia kama mwenye akili timamu. Tanzania, hakimu akiona dalili, anaweza kuamuru mshtakiwa apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili kuchunguzwa, na daktari anapewa siku 42 kurudisha taarifa. Wanaopatikana na maradhi hupelekwa Taasisi ya Isanga, Dodoma, iliyo sehemu ya Hospitali ya Mirembe. Ni mfumo wenye matatizo mengi, wapo wanaokaa humo muda mrefu kuliko kifungo ambacho wangepewa, na hilo linastahili makala yake. Lakini msingi wake ni wa haki: mgonjwa hatibiwi kwa kiboko.

Sasa linganisha. Mtu aliyemuua jirani yake katika giza la maradhi, sheria inasimama, inamwita daktari, inauliza alikuwa katika hali gani. Aliyeinua mkono dhidi yake mwenyewe katika giza hilohilo, sheria inaanza kwa kumwita mtuhumiwa. Mlango wa utetezi upo kwake pia, kama atapata wakili wa kuubisha. Wangapi wanapata? Ni ajabu kwamba huruma hiyo inapatikana kwa urahisi zaidi kwa aliyemwaga damu ya mwenzake.

Wala siamini kwamba kila anayejaribu kujiua ni mgonjwa wa akili. Wengine wana sonona ya miaka, wengine maradhi makali zaidi, wengine ulevi. Na wengine wako timamu lakini wamebanwa mahali pasipo na mlango. Tazama deni. Mitaa ya Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya inaijua mikopo ya kausha damu: unachukua laki moja kwa haraka, riba inakimbia, wiki ya tatu mkopeshaji amebeba friji na kitanda mbele ya majirani. Ikaja ya mtandaoni, inayosoma namba zote zilizo ndani ya simu yako, na siku ukichelewa inawatumia ujumbe bosi wako, mkwe wako na mwalimu wa mwanao kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za aina hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na kuwaonya wananchi wasizitumie. Mtu hafi kwa deni peke yake, na si sahihi kuandika hivyo. Ila aibu ya hadharani ikimkuta aliyekwisha kuchoka, asiyelala, asiye na wa kumwambia, inaweza kumfikisha ukingoni. Huyo naye tukampeleke selo?

Wanaume wanahitaji kutajwa hapa kwa namna yao. Tunawalea tangu utoto kwa neno moja, jikaze. Kijana akilia msibani anaonyeshwa kidole. Baba akifukuzwa kazi anaendelea kutoka nyumbani asubuhi na shati limepigwa pasi, anakaa chini ya mti hadi jioni, kwa kuwa hajui atamwambiaje mkewe. Zahanati kwake ni mahali pa wanawake na watoto wachanga. Ndipo siku moja tunashangaa: mbona alikuwa mtu wa utani, mbona jana tu tulikuwa naye kijiweni?

Hoja kubwa ya wanaotaka sheria ibaki ni ya dini, na inastahili jibu la heshima. Nimelelewa katika dini na sina nia ya kubishana na kitabu chochote kitakatifu. Uhai ni amana, hilo nalikubali kwa moyo wote. Lakini yapo makatazo mengi ya dini ambayo hatujayapa askari na selo, tumeyaachia toba, mafundisho na ulezi. Dini zenyewe zimekuwa na upole kuliko kanuni yetu ya kikoloni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakiri kuwa maradhi mazito ya nafsi, hofu kubwa na mateso hupunguza wajibu wa aliyejiua. Fiqhi ya Kiislamu haimwandikii dhambi aliyepotewa na akili. Pakistan ni jamhuri ya Kiislamu kwa jina na kwa Katiba, na Malaysia Uislamu ndiyo dini ya dola. Zilifuta adhabu, na kufuta adhabu hakumaanishi kwamba haramu imekuwa halali.

Mila nazo zina sehemu yake. Kuna jamii, hasa katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako aliyejiua alizikwa nje ya boma bila matanga ya kawaida, na mahali alipofia pakabomolewa au kuchomwa moto. Wazee walikuwa wanajaribu kukinga ukoo dhidi ya balaa. Niliyoyaona kwa macho yangu ni upande wa pili wa kinga hiyo: mjane anayenong'onwa kisimani, watoto wanaofichwa sababu ya kifo cha baba yao hadi wanaoa, binti anayekosa mchumba kwa kuwa "kwao kuna hilo jambo". Familia iliyofiwa hivyo ina uchungu mara mbili na rambirambi nusu. Mchungaji au shehe anayekataa kusimama kaburini anawaadhibu walio hai.

Wengine wanauliza: tukifuta, vijana hawatachukulia ni ruhusa? Uingereza ilifuta zaidi ya miaka 60 iliyopita na kilichofuata hakikuwa wimbi la vifo. Anayefikia hatua hiyo hajakaa kuhesabu miezi ya kifungo. Ametoka katika hesabu zote. Tishio la jela halimrudishi. Linachofanikiwa kufanya ni kimoja tu: kumfanya aliyepanga kukamilisha ahakikishe anakamilisha, ili asije akaamka akiwa chini ya ulinzi.

Kufuta kifungu peke yake hakutaokoa mtu. Tukishamtoa polisi, tumkabidhi kwa nani? Historia ya tiba ya akili katika nchi yetu ilianzia Lutindi, milima ya Usambara, kwa wamisionari wa Kijerumani, kisha Waingereza wakajenga Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Zanzibar kuna Kidongo Chekundu. Ni majina ambayo watu huyataja kwa kutishana: utapelekwa Mirembe. Madaktari bingwa wa eneo hili ni wachache na wengi wako mijini. Mtu wa Kakonko au Liwale akiambiwa amwone bingwa, anaambiwa auze mbuzi wawili apande basi. Hatuwezi kungoja hadi kila wilaya ipate bingwa wake.

Zimbabwe ilikuwa na uhaba huohuo. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kusikiliza, kuuliza maswali machache yaliyopimwa, kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo, na kumtambua yule anayepaswa kwenda hospitali haraka. Wakawekewa benchi la mbao nje ya kliniki. Mwaka 2016 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umevuka mipaka, umefika hata Zanzibar. Ninaupenda kwa sababu haukuanza kwa kulilia jengo. Uliwatazama watu ambao mtaa ulikuwa nao tayari na kuwaamini. Sisi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tuna maofisa ustawi wa jamii katika halmashauri, tuna wazee wa mabaraza, tuna makungwi na masomo ambao kwa desturi walikuwa ndio watunza siri. Wafundishwe, walipwe, na wapewe namba ya daktari mmoja wa kumpigia wanapozidiwa.

Serikali inaweza pia kufanya jambo rahisi zaidi kwa sumu za shambani. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, kimoja baada ya kingine, na kati ya mwaka 1995 na 2015 vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 70. Mazao yao hayakuanguka. Orodha ya viuatilifu vinavyoruhusiwa iko mikononi mwa mamlaka yetu ya afya ya mimea, na kuipitia hakuhitaji mkopo wa nje.

Na sisi wa vyumba vya habari tuna letu. Vienna, Austria, mwaka 1987, magazeti yalikubaliana kuacha kuandika kwa madoido habari za watu wanaojiua kwenye treni za chini ya ardhi. Ndani ya nusu mwaka matukio hayo yalishuka kwa zaidi ya asilimia 80, na yakabaki chini. Magazeti yetu bado yanatoa kichwa cha habari kinachotaja njia, mahali, barua aliyoacha na picha ya mlango. Yanamaliza kwa "kisa wivu wa mapenzi", kana kwamba maisha ya mtu yanaelezeka kwa maneno matatu. Mhariri anayesoma hapa, tafadhali: ondoa njia, ondoa picha, weka namba ya msaada, na umtafute mtu aliyevuka akaishi utuandikie habari zake.

Kenya haikufika kwenye hukumu ya Januari 2025 kwa bahati. Mwaka 2020 kikosi kazi kilichoongozwa na Dk Frank Njenga kilipendekeza afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa, mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa, na madaktari wakaungana na wanasheria kwenda mahakamani. Sisi tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Mwaka 2023 tulikuwa na Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikapokea maoni ya wananchi nchi nzima. Tuna Tume ya Kurekebisha Sheria. Na karibu kila mwaka Bunge hupitisha muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, wenye vifungu vya kila aina vilivyokusanywa pamoja. Kufuta kosa hili kunahitaji mstari mmoja ndani ya muswada wa namna hiyo. Namwomba Waziri wa Katiba na Sheria auandike mstari huo, na Waziri wa Afya akae kando yake siku utakapowasilishwa, aeleze nani atampokea mgonjwa askari akishaondoka. Wabunge wanaorudi majimboni kuzika vijana wanajua ninachosema.

Kwako wewe unayesoma ukiwa umechoka na hukumwambia mtu: mwambie mmoja, leo, kwa maneno yoyote yatakayokuja. Nenda zahanati au hospitali iliyo karibu, au piga 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Mtoto na kijana mdogo anaweza kupiga 116. Uliyeko Kenya, 1199 ya Msalaba Mwekundu. Na wewe unayeambiwa, usihubiri, usishangae, usikimbilie kusema wengine wana shida zaidi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Kisha kaa naye hadi mpate wa kuwasaidia.